Cinema Paradiso: dakika 124 au 173?

Mpwa wangu ana miaka 19 na ameanza chuo Dodoma mwaka huu. Juzi usiku aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Ile picha ya Kiitaliano uliyonisimulia nimeipata, ila ziko mbili. Moja dakika 124, nyingine 173. Nianze na ipi?"

Nilidhani nitamjibu kwa sentensi moja. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Kati ya matoleo hayo mawili ya Cinema Paradiso kuna dakika 49, na ndani ya dakika hizo kuna mzee mmoja anayegeuka mbele ya macho yako. Ukishaziona, huwezi kumrudisha alivyokuwa. Nikaona heri niyapange mambo vizuri, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekwama hapo alipokwama yeye.

Nikuonye mapema: nitafichua kila kitu, mwisho ukiwemo. Kama hujaitazama na unataka kubaki na hamu yako, ruka hadi sehemu ya mwisho kabisa.

Zilikuwaje mbili

Mwongozaji ni Giuseppe Tornatore, mzaliwa wa Bagheria katika kisiwa cha Sisilia. Filamu ilipotoka Italia mwaka 1988 alikuwa na miaka 32. Hadithi yake ni ya Salvatore, kwa jina la utotoni Totò, mtoto ambaye baba yake alikwenda vitani Urusi na hakurudi. Anakulia Giancaldo, mji mdogo wa kubuni, na moyo wake uko kwenye jumba la sinema la mji huo, hasa kwenye kile chumba cha juu anamofanyia kazi Alfredo, mwendesha projekta. Moto unazuka, Alfredo anapofuka, Totò anarithi kazi. Anakua, anampenda msichana aitwaye Elena, anampoteza, anaondoka. Miaka 30 baadaye ni mwongozaji mashuhuri huko Roma, na simu ya mama yake inamletea habari kwamba Alfredo amefariki. Anarudi kumzika.

Toleo la kwanza lilikuwa na dakika 155 na halikupata watazamaji Italia. Mtayarishaji Franco Cristaldi na Tornatore wakalipunguza hadi kama dakika 124. Hilo ndilo lililokwenda tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1989 likapata tuzo maalumu ya jopo la majaji, na mwaka 1990 likachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ndilo dunia iliyolipenda. Kisha mwaka 2002 likatoka toleo la mwongozaji, dakika 173, ambamo vipande vilivyokatwa vilirudi na vingine vikaongezeka. Lile la dakika 155 ni adimu nje ya Italia, kwa hiyo nitaliweka kando. Habari ya Elena mtu mzima ilikuwamo tayari, na kwa uamuzi unaotaka kuufanya linasimama upande mmoja na lile refu.

Nitapima kwa nini

Sitauliza ni toleo lipi "bora". Nitauliza mambo matano ambayo kwangu ndiyo yanayoamua filamu ya makuzi inashika au inateleza: mzee anayemlea kijana ni mtu wa namna gani, penzi la kwanza limepewa nafasi gani, ni umri upi wa maisha unaobeba hadithi, mwendo wake unakaaje kwa anayeitazama, na mwisho unaacha nini moyoni. Sikupima vyote kwa kipimo sawa. Cha kwanza na cha mwisho ni vizito kuliko vingine, na utaona nimevikalia zaidi.

Alfredo

Katika toleo fupi, Alfredo ni baba ambaye Totò hakupata. Si malaika. Ana hasira za karibu, anamfukuza mtoto chumbani, na hana shule. Kuna siku wanafanya mtihani wa darasa la watoto pamoja, mzee yule na kijana wake, na Totò anamwonyesha majibu kwa sharti kwamba naye afundishwe projekta. Baadaye, kwenye stesheni ya treni, Alfredo ambaye sasa ni kipofu anamwambia aondoke na asirudi, asiandike, asiwakumbuke. Ni maneno makali, lakini tunayapokea jinsi tunavyopokea ukali wa wazazi wanaosukuma watoto wao kwenda mjini. Anayeyasema anaumia kuliko anayeyasikia. Kosa lake, kama ni kosa, liko wazi. Kijana alilisikia kwa masikio yake, akalikubali, akapanda treni.

Katika toleo refu kuna jambo jingine ambalo kijana hakulisikia. Salvatore, mtu mzima, anakutana tena na Elena na kuambiwa kwamba siku ile waliyopotezana yeye alikuja. Alifika kwenye jumba la sinema akiwa amechelewa, Salvatore alikuwa ametoka kwenda kumtafuta, na aliyemkuta chumbani ni Alfredo. Alfredo akamwomba amwache kijana aende zake. Hakumwambia Salvatore kamwe. Elena aliacha ujumbe nyuma ya karatasi moja ya pale chumbani, na karatasi ile ikabaki humo miaka yote, bila msomaji, hadi Salvatore alipoingia kwenye jengo lililokufa kuitafuta.

Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao hugombana. Wengine wanasema vipande hivi vinamharibu Alfredo: kutoka mzee wa busara, anakuwa mtu aliyechukua maisha ya wawili na kuyapanga kwa namna aliyoitaka yeye. Wengine, na mimi nimo siku nyingine, wanasema vinampa uzito. Mzee wa toleo fupi tunampenda kirahisi. Huyu wa toleo refu tunalazimika kumpenda tukiwa tunajua alichofanya, kama wengi wetu tunavyowapenda wajomba na shangazi waliokataa mchumba fulani, au waliotuchagulia shule, wakaenda kaburini bila kueleza. Elena mwenyewe, kwenye kipande hicho hicho, anakiri kwamba wangeoana Salvatore asingetengeneza filamu zake. Kwa hiyo Alfredo alikuwa sahihi, na bado alikuwa mwizi. Toleo refu linakuachia yote mawili mkononi na halikuambii ufanye nini nayo.

Elena

Toleo fupi linamwacha Elena akiwa na umri wa shule. Tunamwona akisubiriwa usiku baada ya usiku chini ya dirisha lake, na tunamwona akija kumbusu Totò kwenye mvua, wakati picha inaonyeshwa nje chini ya anga. Kisha familia yake inahama, Totò anachukuliwa jeshini, barua zinarudi. Basi. Hakuna anayetueleza. Ni pengo, na pengo hilo linafanya kazi, kwa sababu penzi la kwanza la watu wengi liliisha hivyo hivyo: namba haipatikani, mtu kahamia Mwanza, husikii tena. Anayelipenda toleo fupi anapenda kwamba Elena amebaki sauti ya mbali ndani ya muziki. Ule wimbo wa mapenzi aliutunga Andrea Morricone, mtoto wa Ennio Morricone aliyetunga muziki wa filamu nzima, na nusu ya kumbukumbu yetu ya Elena imo humo.

Upungufu wake ni huu: Elena wa toleo fupi ni picha zaidi kuliko mtu. Hatumjui anataka nini.

Toleo refu linampa mdomo. Tunamkuta ana familia, ameolewa na mwenzao wa darasani, yule mvulana aliyekuwa akipigwa ubaoni kwa kushindwa hesabu, sasa mwanasiasa. Anazungumza, anamkosoa Salvatore, anaamua usiku ule utakuwa wa namna gani, kisha anaamua kwamba hakutakuwa na mwingine. Aliyeigiza ni Brigitte Fossey, Mfaransa aliyeanza uigizaji akiwa mtoto mdogo kwenye filamu ya mwaka 1952. Mikasi ya toleo fupi ilimwondoa kabisa. Mwanamke aliyekulia mbele ya kamera alikosekana kwenye filamu inayohusu mtoto aliyekulia nyuma ya projekta, na jambo hilo limenisikitisha tangu nilipolijua.

Hata hivyo nakubali kwamba kile kipande cha ndani ya gari, usiku kando ya bahari, kina shida. Salvatore na Elena wanaelezana mambo kwa maneno mengi mno. Filamu ambayo kwa saa mbili imesema kila kitu kwa sura na mwanga ghafla inaanza kuhadithia. Mtu aliyezoea ukimya wa toleo fupi atahisi kama amepokea maelezo ambayo hakuyaomba.

Utoto, ujana, utu uzima

Watoto wanatawala toleo fupi. Salvatore Cascio, aliyeigiza Totò mdogo, ndiye steringi wake halisi, na tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, aliyopata kama mwigizaji msaidizi inathibitisha hivyo. Ukitoka kwenye toleo hili unakumbuka mtoto aliyevaa nguo za kuhudumu altareni akisinzia, unakumbuka padri akitikisa kengele kila busu linapotokea ili Alfredo aweke kipande cha karatasi kwenye mkanda, alama ya kukata. Utu uzima wa Salvatore, alioucheza Jacques Perrin, ni fremu ya picha. Unaizunguka hadithi, hauibebi.

Toleo refu linahamisha uzito. Salvatore wa nywele za mvi anakuwa mtu mwenye swali lake, na tunaelewa kwa nini mtu aliyefanikiwa hivyo hana mwenza wala hakurudi nyumbani kwa miaka 30. Kwenye toleo fupi swali hilo lina jibu moja tu: Alfredo alimkataza. Kwangu jibu hilo halijawahi kutosha kabisa. Mama wa mtu ni mama wa mtu. Huachi kumtembelea miaka 30 kwa sababu mzee wa sinema alisema usirudi. Lazima kuna kidonda, na toleo refu linakionyesha.

Lakini kuna gharama. Ukitaka filamu kuhusu kukua, utakuta sehemu kubwa ya mwisho inahusu mtu ambaye kukua kwake kulikwama.

Mwendo

Hapa sina maneno mengi. Toleo fupi linakwenda vizuri, hakuna anayepitiwa na usingizi. Toleo refu linakaribia saa tatu, na baada ya mazishi ya Alfredo, mahali ambapo mwili wako unadhani mambo yanafungwa, ndipo hadithi mpya inafunguka. Ukiwa umechoka hutaivumilia, ukiwa na utulivu hutaihisi.

Jambo moja la kujua kabla ya kuwasha sebuleni: Marekani toleo fupi lilipewa daraja la PG (watoto wanaruhusiwa, wazazi wakiwaongoza), refu likapewa R (aliye chini ya miaka 17 sharti awe na mtu mzima). Toleo refu lina mambo ya kimwili ambayo fupi haina. Ukitazama na wazazi au na wadogo zako, jipange.

Mkanda wa mabusu

Nimelisubiri hili tangu mwanzo.

Mnajua mwisho wake. Jumba la Paradiso linabomolewa ili pawe maegesho ya magari, na wazee wa mji wamesimama uwanjani wakitazama vumbi. (Kwa waliowahi kukata tiketi kwenye majumba ya sinema ya Avalon au Empire mjini Dar es Salaam, nadhani hapa hapahitaji maandishi ya chini.) Salvatore anarudi Roma na mkanda mmoja alioachiwa na Alfredo. Anakaa peke yake kwenye kiti, projekta inawashwa, na anayeiwasha ni Tornatore mwenyewe. Kwenye kitambaa yanatokea mabusu, moja baada ya jingine. Ni vile vipande vyote ambavyo padri aliamuru vikatwe. Totò aliwahi kuviomba akiwa mtoto, na Alfredo akamwambia ni vyako, lakini nitavitunza mimi.

Kwa hiyo filamu hii, inayotufanya tubishane kuhusu vipande vilivyokatwa, inaishia kwa vipande vilivyokatwa. Sijui filamu nyingine ya makuzi ambayo swali hili limo ndani ya tumbo lake namna hiyo.

Sasa angalia jinsi dakika hizo hizo chache zinavyosomeka. Aliyetazama toleo fupi anaona zawadi. Mzee alitunza ahadi kwa miongo, na mtoto aliyenyimwa mabusu kwenye kitambaa anayapata yote kwa mpigo. Salvatore analia kwa shukrani na kwa utoto wake uliopita. Ni mwisho safi, na mimi niliutazama mara ya kwanza nikashindwa kuinuka kwenye kiti.

Aliyetazama toleo refu anaona deni likilipwa. Alfredo alikata mabusu kwa amri ya padri, na baadaye akakata busu moja kwa amri yake mwenyewe, la Elena na Salvatore. Yale ya kwenye mkanda aliweza kuyaunganisha tena kwa gundi. Lile jingine hakuwa na uwezo nalo. Anachomwachia kijana wake ni yote aliyoweza kurudisha. Salvatore analia pia, kwa machozi yale yale na uso ule ule, lakini sasa ndani ya kilio kuna msamaha, au jaribio la msamaha. Kila ninapolifikiria hili naona kwamba wanaosema vipande vile vinaiharibu filamu, na wanaosema vinaikamilisha, wote wameshika kitu cha kweli. Toleo fupi lina mwisho mzuri zaidi kwa macho ya mtoto aliyeko ndani yetu. La pili lina mwisho mgumu zaidi, na mwisho mgumu una watu wake.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kuitazama kabisa, sababu kubwa ya kuanza na lile fupi ni hii: toleo refu unaweza kulitazama baadaye, lakini ukilitanguliza, hutaweza tena kulipokea fupi kwa moyo mweupe. Hiyo ni hasara ambayo huwezi kuirekebisha. Isipokuwa uwe mtu asiyevumilia maswali kubaki wazi. Kwa mtu wa namna hiyo fupi itamwachia njaa, na heri aende moja kwa moja kwenye dakika 173.

Kama mnatazama kama familia, au na kijana wa sekondari, chagua fupi, na sababu nimekwisha kuitaja.

Kama wewe ni kijana unayekaribia kuondoka nyumbani, fupi itakupa ujasiri, refu itakupa tahadhari. Jiulize unapungukiwa nini kati ya viwili hivyo.

Kama umepita miaka 40, na kuna mtu au mji uliouacha bila kuelewa uliuachaje, nenda kwa toleo refu. Utayavumilia maneno mengi ya ndani ya gari kwa sababu na wewe ungekuwa nayo mengi ya kusema.

Kama unajifunza uhariri au uandishi wa filamu, tazama yote mawili ndani ya wiki moja, fupi kwanza, na kalamu mkononi. Andika kila mahali unapohisi kitu kimehama. Kuna diski zinazobeba matoleo yote mawili pamoja. Ukipata faili tu, angalia urefu: karibu na 124 ni fupi, karibu na 173 ni refu, dakika chache juu au chini zisikutishe.

Na kama ulitazama fupi zamani ukaipenda kiasi kwamba unaogopa kuigusa, una haki ya kutoligusa hilo refu. Kumbukumbu yako si ya kufanyiwa majaribio.

Mpwa wangu nilimwandikia hivi: "Marahaba. Anza na ya 124, usiku ambao kesho yake huna kipindi cha asubuhi. Ya 173 usiifute, iweke tu. Mwaka wa tatu ukifika, nikumbushe tuitazame wote nikija huko."